Mvule: Namna ya Kuuotesha kwa Mbegu na Kuukuza Shambani



Wazee wetu husema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Nasi twaweza kuongeza ya kwamba, kabla ya fundi kuunda chombo alikuwa na mbao, na kabla ya mbao palikuwa na mti, na kabla ya mti palikuwa na mbegu ndogo iliyopata mahali pema pa kuota. Karatasi hii yasema habari za mbegu hiyo. Mti wenyewe ni mvule, na shabaha yetu ni kwamba kila mwenye shamba katika nchi zimfaazo mti huu aweze kukuza mivule michache kwa mkono wake, pasipo gharama kubwa.

KWA NINI TUPANDE MVULE

Hapana haja ya kukusifia mbao za mvule, maana huenda mlango wa nyumba ya babu yako ulitengenezwa kwa mbao hizo, na hata leo mchwa hawajauweza. Mbao za mvule hazili upesi kwa maji wala kwa mvua. Kwa hiyo mafundi wa pwani na wa bara wamezitumia tangu zamani kwa milango, vitanda, meza, makasha na mashua. Ulaya hujulikana kwa jina la iroko, nalo ni neno la Wayoruba wa Afrika ya Magharibi, kwa kuwa mti huu umeenea toka pwani ile mpaka pwani yetu.

Lakini fikiri neno moja. Mivule mikubwa iliyokatwa tangu zamani katika mashamba na misitu yetu, karibu yote haikupandwa na mtu. Ilioteshwa na popo na ndege, na wazee walipofyeka mapori kulima, waliiacha isimame kwa sababu waliijua thamani yake. Basi sisi tumekuwa watu wa kuvuna tusichopanda. Mti uliochukua makumi ya miaka kukua huanguka kwa kazi ya siku moja, na mahali pake hapapandwi kitu. Ikiwa mambo yataendelea hivi, mtoto wako atakapotaka kujenga nyumba, itampasa kununua kwa fedha nyingi mbao ambazo babu yake alizipata shambani kwake bure, au aridhike na mbao dhaifu zitakazoliwa na mchwa kabla mkewe hajazaa mtoto wa pili.

Watu wengi hujibu, "Mvule hukawia mno, nitakufa kabla sijaukata." Ni kweli kwamba umri wa mti huu huhesabiwa kwa makumi ya miaka. Lakini mti unaosimama shambani hauombi chakula, wala hauzuii jembe ukiwa umepandwa kwa mpango. Wewe hulima mahindi na ndizi zako chini yake, nao huongezeka unene wakati ulalapo. Mwenye mivule 10 iliyonyoka amewawekea watoto wake akiba isiyoibwa kwa urahisi.

MTI WENYEWE

Mvule ni ndugu wa mfenesi, mkuyu na mforsadi. Ukiukata gome, hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mti mkubwa hufika urefu wa futi 150 na zaidi, na shina lake huweza kuwa na unene wa futi 6 kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Hupukutisha majani yake kwa majira, na majani hayo yakioza hulisha udongo.

Kuna jambo moja kubwa ambalo wakulima wengi hawalijui, nalo ni hili: iko mivule dume na mivule jike. Dume huchanua mikia myeupe, miembamba, iningʼiniayo, urefu wake inchi 6 hadi 8. Jike huchanua vikonyo vinene, vifupi, vya rangi ya kijani, na hivyo ndivyo vinavyogeuka kuwa matunda. Chavua ya dume huchukuliwa na upepo. Basi ukingoje chini ya dume miaka 20, hutaona tunda hata moja. Tena jike aliye peke yake, mbali na dume, hawezi kuzaa mbegu njema. Hii ni sababu moja ya kutokata mivule yote ya kijiji ukaacha mmoja tu, ukidhani kwamba huo mmoja utatosha kwa mbegu.

Mti huu wataka udongo wenye kina, usiotuamisha maji. Hustawi pwani na katika nchi za bara zenye mvua ya kutosha, mpaka kiasi cha futi 4,000 juu ya bahari. Usiupande penye tope la bonde lisilokauka, wala juu ya mwamba wenye udongo haba, wala katika nchi za juu zenye baridi kali. Busoga na Buganda katika Uganda, miteremko ya chini ya Usambara, na sehemu nyingi za pwani ni nchi ambazo mti huu umezizoea tangu kale.

MBEGU NA NAMNA YA KUIPATA

Tunda la mvule lafanana na forsadi ndefu, urefu wake inchi 2 au 3. Likiiva huwa laini, na ndani yake zimo mbegu nyingi ndogo sana. Ratili moja ya mbegu safi yaweza kuwa na mbegu zaidi ya 200,000. Popo wakubwa walao matunda hulipenda tunda hili. Hulila usiku na kuzidondosha mbegu mbali na mama yao. Kwa hiyo mwenye kuua popo kwa kudhani kwamba ni wadudu waharibifu tu, anamwua mpanda miti asiyedai mshahara.

Majira ya kuiva hayalingani katika nchi zote. Uulize watu wakaao karibu na mti. Popo wakianza kupiga kelele juu yake usiku, na matunda yakianza kuonekana chini asubuhi, wakati umewadia. Nenda mapema, kabla siku haijapanda, ukaokote matunda mabivu yaliyoanguka usiku ule. Usiokote yaliyolala siku nyingi, maana huoza na kuingiwa na wadudu. Tena usichukue matunda ya mti mmoja tu ikiwa ipo mingine, na mbegu bora ni ya mti ulionyoka wenye shina refu lisilo na matawi ya chini. Mti uliopindika huenda ukazaa watoto waliopindika.

Yaloweke matunda katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi yaponde kwa mkono, uyapitishe katika chujio, na kuyasuuza mara kadhaa mpaka mbegu zitoke safi. Kisha zitandaze juu ya kitambaa au karatasi kivulini, mahali penye upepo, mpaka zikauke. Usizianike juani. Zikikauka, zipande upesi, maana mbegu mbichi huota vizuri kuliko mbegu iliyokaa.

KWA NINI KITALU

Katika nchi za baridi za Ulaya uko mti uitwao mwaloni, wenye sifa huko kama mvule kwetu kwa mbao ngumu zidumuzo. Mbegu ya mwaloni ni kubwa kama ncha ya kidole gumba. Ikikauka hufa, kwa hiyo hupandwa mara ianguakapo, na mara nyingi huchimbiwa pale pale nje shambani ambapo mti utasimama. Yaweza kufanya hivyo kwa sababu imejaa chakula: mche huishi kwa akiba ya mbegu siku nyingi huku mzizi ukishuka chini.

Mbegu ya mvule haina akiba hiyo. Ni ndogo sana, na mche wake siku za kwanza ni kama uzi. Ukiitupa shambani kati ya magugu, magugu yataifunika. Mvua kubwa ikinyesha, itaizika. Jua likiwaka siku mbili, litaikausha. Kwa hiyo mvule sharti ulelewe kwanza katika kitalu, kama mtoto mchanga, kabla ya kupelekwa shambani.

KUTENGENEZA KITALU

Chagua mahali karibu na maji, palipo sawa, pasipofikiwa na kuku wala mbuzi. Kitalu kiwe mbali na mivule mikubwa kadiri uwezavyo. Sababu yake nitaieleza mbele. Lima tuta lenye upana wa futi 3, ili uweze kulifikia katikati bila kulikanyaga. Ondoa mawe na mizizi yote, vunja madongoa, kisha chekecha udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa na mchanga kidogo. Sawazisha juu kwa ubao.

Changanya mbegu na mchanga mkavu, kiasi cha mbegu moja kwa mchanga mara kumi, ndipo uzitawanye. Ukizitawanya peke yake zitaanguka chungu chungu na miche itasongana. Usizifukie. Nyunyiza juu yake udongo laini uliochekechwa, kama mtu anyunyizavyo chumvi juu ya chakula, kisha gandamiza kidogo kwa ubao. Mwagilia asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu madogo. Ukimimina kwa ndoo utazichukua mbegu zote na maji.

Jenga kichanja cha makuti au nyasi juu ya tuta, kimo cha futi 3, kiwe na mwanya wa kupitisha nusu ya jua. Mbegu njema huanza kuota baada ya majuma mawili au matatu. Miche ikipata majani manne ya kweli, ihamishe mmoja mmoja katika vikopo vya majani ya mgomba, mifuko, au tuta la pili, nafasi ya inchi 6 kati ya mche na mche. Ishike kwa jani, usiishike kwa shina, maana shina likipondwa mche hauponi.

ADUI MKUBWA WA MVULE

Sasa nafika kwenye neno ambalo limewavunja moyo watu wengi na hata idara za misitu katika nchi nyingi za Afrika. Mtu hupanda tuta zima la mvule. Miche huota vizuri, hukua mpaka kimo cha shibiri, naye hufurahi. Kisha siku moja huona vivimbe vya kijani kwenye vichipukizi na majani machanga, kama uvimbe wa jipu. Baada ya majuma machache vivimbe hupasuka, huoza, na kichwa cha mche hufa. Mche hutoa chipukizi jingine, nalo huvimba vile vile. Mwisho mche huchoka na kufa. Mtu husema kwamba mvule haupandiki, au kwamba mti una mzimu usiokubali kuguswa na mwanadamu.

Si mzimu. Ni mdudu mdogo sana arukaye, wataalamu humwita Phytolyma. Hutaga mayai juu ya vichipukizi laini. Watoto wake wakianguliwa hujipenyeza ndani ya chipukizi, na mti huvimba kuwazunguka, wakawa kama watu waliojengewa nyumba. Humo hunyonya utomvu mpaka wamekua; kivimbe hupasuka, wakatoka wakiwa na mabawa na kwenda kutaga tena. Ukungu huingia katika jeraha na kuozesha chipukizi mpaka kwenye mti mgumu.

Mdudu huyu hukaa pia juu ya mivule mikubwa, lakini mti mkubwa una matawi mengi wala haufi. Ndiyo sababu kitalu kisiwe chini yake. Tena jambo kubwa ni hili: mdudu hufanya vita mahali ambapo miche ya mvule imekusanyika kwa wingi, katika jua kali, pasipo mimea mingine. Pale ambapo mche umesimama peke yake kati ya mimea mingi na una kivuli kiasi, mara nyingi hamwoni. Fikiri jinsi mivule ya zamani ilivyoota: mmoja hapa, mwingine mbali kule, katikati ya miti ya namna nyingine. Basi dawa ya kwanza ni kufuata desturi hiyo.

Fanya haya:

1. Usilee mamia ya miche kwa mkusanyiko mmoja. Miche 20 au 30 yatosha nyumba moja. Iliyobaki mgawie jirani.

2. Panga miche ya mvule kwa kuchanganya na miche ya namna nyingine, kama mibuni, michungwa au miti ya kuni.

3. Usiondoe kivuli cha kitalu mapema. Ukiweza, funika miche kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo sana ili mdudu asiingie kutaga.

4. Kagua kila mche mara mbili kwa juma. Ukiona kivimbe, kikate kabla hakijapasuka, pamoja na jani au chipukizi lililokibeba, na ukitie motoni siku ile ile. Usikitupe kando ya tuta, maana wadudu watatoka humo na kurudi. Kivimbe kilichopasuka kimekwisha kumaliza kazi yake. Kukikata hapo husaidia kuzuia kuoza tu.

Kazi hii ni ya mtoto wa shule kwa robo saa. Lakini ikiachwa juma moja au mawili, taabu ya mwaka hupotea.

KUPELEKA SHAMBANI

Mche ukifika kimo cha futi 1 au zaidi, na shina lake limeanza kuwa gumu, uzoeze jua kidogo kidogo kwa kupunguza makuti ya kichanja. Mvua kubwa ikianza kushika, chimba shimo la futi 2 kila upande na kina cha futi 2, ukitenga udongo wa juu na wa chini. Rudisha kwanza udongo wa juu uliochanganywa na samadi. Panda mche jioni au siku ya mawingu, usizamishe shingo ya mzizi, gandamiza kwa mguu, na tandaza nyasi kavu kuuzunguka pasipo kugusa shina.

Waweza pia kupanda kwa kisiki. Acha miche ikue katika tuta la pili mpaka shina liwe nene kama kidole gumba. Ingʼoe kwa uangalifu, kata shina ukiacha upana wa vidole vitatu juu ya shingo, na mzizi mkuu ukiacha shibiri moja. Visiki hivi hubebeka kwa urahisi ndani ya majani ya mgomba yenye unyevu, navyo huchipua upesi. Likitoka chipukizi zaidi ya moja, acha lenye nguvu peke yake.

Mahali pazuri kuliko pote ni katika shamba la migomba au la mibuni. Huko mche hupata kivuli chepesi, udongo uliolimwa, na jirani wa namna nyingine wa kumficha na mdudu. Katika Busoga na Buganda mivule mingi imesimama katika mashamba kwa namna hiyo. Usiipange kwa safu zilizosongana kama mahindi. Mmoja kwa kila hatua 20 yatosha, au mmoja mmoja mpakani, lakini usiweke mti juu ya mpaka wenyewe. Uweke ndani yako hatua tatu, watoto wenu wasije wakashtakiana.

MATUNZO

Miaka miwili ya kwanza palilia kuuzunguka mche, na uzungushie miiba kuzuia mbuzi. Moto ni adui asiyesamehe. Fyeka nyasi kavu kabla ya kiangazi. Mche ukipita kimo cha mtu, huanza kupenda jua. Hapo punguza majani ya migomba na matawi ya miti iliyoufunika, kidogo kidogo, mpaka kichwa kiwe wazi. Mvule uliofunikwa sana hudumaa, na uliofunuliwa mapema sana huvamiwa na mdudu: siri yote ni kujua kipimo. Mti ukikua na kukomaa, vivimbe vyaweza kuonekana tena, lakini haviuui.

MVULE USIO NA GHARAMA

Kabla hujatafuta mbegu, tembea shambani kwako. Huenda imo miche iliyoletwa na popo. Utaitambua kwa utomvu mweupe na kwa majani yenye meno meno ukingoni na nywele fupi, ingawa majani ya mti mkubwa ni laini na hayana meno. Weka kijiti kando ya kila mche ili mlimaji asiukate kwa jembe. Kadhalika kisiki cha mvule uliokatwa huchipua, na mizizi yake iliyojeruhiwa hutoa machipukizi. Chagua chipukizi moja lililonyoka, ukate mengine, na uliwekee ua. Hilo lina mizizi ya mzee na nguvu za kijana, nalo litaupita mche wako wa kitalu.

FAIDA NYINGINE, NA NENO LA SHERIA

Wapasuaji mbao hujua kwamba ndani ya mvule mkubwa mara nyingine hukutwa jiwe gumu liwezalo kuvunja meno ya msumeno. Jiwe hilo ni chokaa. Mwaka 2004 wataalamu waliochunguza mivule huko Côte d'Ivoire walieleza ya kuwa mti huu, kwa msaada wa vijidudu na ukungu wa udongoni, hukusanya chokaa katika shina na katika udongo unaouzunguka, hata pale ambapo udongo wa nchi ni mchachu. Basi mti huu waweza kuuboresha udongo mahali ulipo, mbali na kuupa majani yake. Na wewe fundi, jifunge kitambaa puani upasuapo mvule, maana vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

Mwisho, andika habari za miti yako. Mvule ni mti ambao serikali huuangalia kwa makini, na kuukata bila kibali huweza kukuletea mashtaka hata ukiwa shambani mwako. Siku upandapo, andika katika daftari tarehe, hesabu ya miche, na mahali ilipo. Mwite jirani mmoja na mzee wa mtaa washuhudie, na uweke nakala katika ofisi ya kijiji. Ukitaka kukata, uliza kwanza ofisi ya misitu ya wilaya. Mtoto wako akija kuuliza haki yake baada ya miaka 50, ushahidi wa maneno utakuwa umekwisha kufa pamoja na walioyasema, lakini daftari litasema.

Mvua zijazo zikikukuta na miche 5 tu iliyo hai, umefanya kazi njema. Panda hiyo 5, na msimu ufuatao uongeze mingine.